Mgongo wa Noti Nyeupe

Klabu yetu ya wakusanyaji wa noti za zamani hukutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha kanisa la Wamethodisti hapa Keighley, mkoani Yorkshire. Tunakutana mchana kwa sababu wengi wetu madaktari wametukataza kuendesha gari gizani, na waliobaki walistahili kukatazwa. Tuko wanachama kumi na wanne. Wanaosikia vizuri ni tisa.

Enid Tordoff alijiunga mwaka 1988, akiwa bado mpishi wa shule. Kwa miaka thelathini aliwapakulia watoto wa mji huu viazi vya kuponda na mchuzi, na hadi leo kuna watu wazima wenye vyeo ambao wakikutana naye sokoni huficha mikono nyuma na kusema wameshanawa. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, na watu huogopa kumwomba maoni kwa sababu huyatoa.

Kila fani ina dini yake, na dini yetu ni hali ya noti. Noti bora kwetu ni ile ambayo haikuwahi kumfaa mtu yeyote kwa lolote: haikukunjwa, haikutiwa mfukoni, haikununua mkate. Mwenyekiti wetu, Raymond Uttley, aliyekuwa mpima ardhi wa halmashauri, ana noti ya shilingi kumi ya wakati wa vita, ya zambarau, ambayo haijaguswa na kidole tangu ichapwe. Mafua yakiingia nyumbani kwake, kinachotengwa kwanza ni albamu, halafu mke.

Enid alikuwa mzushi wa dini hiyo. Alikusanya noti nyeupe za pauni tano, na katika hizo alizitaka zilizochafuliwa.

Noti nyeupe ilikuwa karatasi kubwa na nyembamba, iliyochapwa wino mweusi upande mmoja tu. Mgongo ulikuwa mtupu. Siku zile pauni tano zilikuwa fedha za kumfanya muuza duka avae miwani, kwa hiyo alipopewa noti kama hiyo alimsogezea mteja kalamu: andika hapo nyuma jina lako na unapokaa. Anayeitoa ndiye anayeandika. Haikuwa sheria, ilikuwa desturi, na ndiyo maana watu walitii. Noti hizo zilipoondolewa kwenye matumizi, nyingi zilirudi benki na kuteketezwa pamoja na majina ya wachinja nyama, wauza farasi na wajane. Zilizobaki zenye maandishi, mkusanyaji wa kawaida huziangalia kama shati lenye doa la mchuzi: huenda ni shati zuri, lakini nani atalivaa?

Enid akifika kwenye meza ya mnada hakuangalia uso wa noti. Aliigeuza kwanza, akasoma mgongo, halafu akaigeuza tena kusoma namba.

"Bibie, noti ina uso!" Clifford Brearley alikuwa akimwambia kila mara. "Unaisalimia kwa mgongo kama mtu mliyenuniana naye."

"Nyuso zao zote ni moja, Clifford. Kama wewe na kaka zako."

"Sasa unatafuta nini huko nyuma?"

"Naangalia tu."

Clifford huyu alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa North Street kwa miaka arobaini, na alipenda kusimulia jinsi alivyolitoa doa la divai kwenye gauni la bibi harusi kati ya kanisani na karamuni, bibi harusi akiwa ndani yake. Alipostaafu alijiunga na klabu ili awe na watu wapya wa kuwasimulia.

Kwa miaka ishirini na saba Enid alikusanya noti arobaini na tatu za namna hiyo, na kwa kila moja aliandika barua kwenye anwani iliyokuwa mgongoni. "Kwa mkazi wa nyumba hii. Mwaka 1951 Bwana fulani aliyeishi hapa alishika noti ninayoishika mimi sasa. Nimeona mjue." Barua nyingi hazikujibiwa, kwa kuwa nyumba nyingi sasa ni maegesho ya magari. Lakini mama mmoja wa Hull alijibu kwamba huyo Bwana fulani ni babu yake, kwamba familia haikuwa na hata kipande cha mwandiko wake, na akatuma pai ya nyama ya nguruwe kwa posta. Pai ilifika siku ya nne. Enid aliila, akaandika barua ya shukrani, na hakusema neno juu ya tumbo lake.

Sasa nieleze alichokuwa akikitafuta, ingawa sisi wenyewe tulikuja kukijua mwishoni kabisa.

Baba yake, Arnold Feather, alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda cha sufu. Mwezi Julai mwaka 1953 chama cha akiba ya likizo cha kiwandani kilimpa noti nyeupe moja. Noti hiyo ilikuwa iwapeleke Morecambe, ufukweni, siku saba, chumba na kifungua kinywa. Arnold akaandika jina na mtaa wake mgongoni, tayari kumpa mwenye nyumba ya wageni, akaiweka kwenye kopo la chai. Enid alikuwa na miaka minane. Shuleni kuna mwenzake alikuwa amekana kwamba kuna fedha nyeupe duniani. Basi Enid akaitoa koponi, akaitia soksini, akaenda kumwonyesha. Lilikuwa onyesho lake la kwanza la noti, na lilifana. Kufika mapumziko ya saa nne, soksi ilikuwa tupu.

Baba yake aliipita barabara ya kutoka nyumbani hadi shuleni mara tatu, kichwa chini, bila kusema na mtu. Jioni, kabla hawajakaa mezani, bahasha ilipenyezwa mlangoni. Noti ilikuwa ndani. Hapakuwa na barua wala jina, na mlango ulipofunguliwa hapakuwa na mtu. Aliyeiokota alikuwa amesoma mgongo, akaileta, akaenda zake.

"Haya," akasema Arnold Feather, akairudisha koponi. Jumamosi wakapanda treni. Toka siku ile hadi alipokufa, mwaka 1971, hakulitaja jambo lile tena. Sasa mtu wa Yorkshire akinyamaza, huenda amekasirika, huenda ameridhika, au huenda anasikiliza matokeo ya kriketi. Enid, kwa kuwa ndiye aliyekosa, alichagua maana ya kwanza na akaishi nayo.

Mwaka 1988, alipokuwa akihamisha vitu vya marehemu vilivyobaki, alikuta ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo za kanisa namba imeandikwa kwa penseli: X46 071338. Watu waangalifu waliandika namba za noti kubwa. Hapakuwa na neno jingine. Hapo ndipo alipoanza kugeuza noti. Alitaka kuishika ile moja, auone mwandiko wa baba yake, aombe radhi mbele ya kitu ambacho baba alikigusa. Alijua uwezekano ni mdogo kuliko wa kushinda bahati nasibu. Na hakumwambia mtu. Hapa kwetu ukimwambia mtu unachokitamani unamlazimisha akusaidie, na kulazimisha watu ni utovu wa adabu.

Alhamisi ya kwanza ya Juni, mwaka 2015, Enid alitimiza miaka sabini. Mke wa Raymond alituma keki ya matunda, nasi tukaiwekea kipande cha jibini juu kama inavyotakiwa huku kwetu. Clifford alifika amevaa tai. Akamwekea Enid bahasha mbele ya sahani.

"Fungua, bibie, nisije nikafa kabla sijaona uso wako."

"Ukitaka kufa nirudishie kwanza bakuli langu. Una bakuli langu tangu Krismasi."

Akafungua. Ilikuwa noti nyeupe ya pauni tano. Kama kawaida yake akaigeuza. Mgongo ulikuwa mweupe, mtupu, bila nukta.

"Si umeona?" Clifford alikuwa akisugua viganja. "Safi kama shuka la hoteli! Nimekuona miaka yote hii ukinunua makapi, nikasema moyoni, pensheni ya mpishi wa shule itanunua nini? Sasa na wewe unayo ya watu wazima."

Kumbe ndivyo alivyokuwa ameelewa. Na, kusema kweli, ndivyo tulivyokuwa tumeelewa wote.

Raymond akaja na lenzi yake. Akaishika noti kwa koleo, akaielekeza dirishani. Akainusa. Kimya chake kilikuwa kirefu kiasi kwamba hata wale watano wasiosikia walikigundua.

"Clifford," akasema. "Noti hii imeoshwa."

"Imesafishwa."

"Imeoshwa!" Katika klabu yetu neno hilo hutamkwa jinsi watu wengine wanavyotamka neno "amechinjwa".

"Ilikuwa imeandikwaandikwa nyuma kama ukuta wa choo cha stesheni! Nimeinunua Lancaster, kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni Morecambe. Ilikuwa ndani ya kopo la vifungo. Mwenye mnada mwenyewe aliionea haya. Mimi nimeitoa aibu."

"Mtu haoshi noti, Clifford. Haisugui. Haipigi pasi."

"Pasi nimeipiga pia," akasema Clifford, na hata hapo bado alikuwa na fahari. "Ya uvuguvugu. Na kitambaa juu."

Raymond akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwapo.

Mimi nilikuwa nimeketi upande wa pili wa Enid, nikiandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo niliona alipoigeuza noti upande wa uso. Niliona midomo yake ikisoma namba, kisha ikaisoma tena. Akaweka uma mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Clifford. Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Mambo ya watu tu. Jina. Mtaa. Halafu maneno maneno. Sikumbuki."

"Jaribu."

"Bibie, nina miaka sabini na nne. Jana nimemwita mkwe wangu kwa jina la mbwa."

Enid alikuwa amemkazia macho yale aliyowakazia watoto waliomwaga mchuzi, lakini safari hii macho yenyewe yalikuwa yakiomba.

"Lakini nimeyaandika," akasema Clifford.

"Umeyaandika wapi?"

"Kwenye daftari la madoa. Wapi tena?" Akatutazama mmoja mmoja, kama anayeshangaa jinsi tulivyolelewa. "Mtu haligusi doa kabla hajaliandika. Liko wapi, rangi gani, umbo gani. Usipoandika, mwenye koti atakuja kesho aseme umelileta wewe. Miaka arobaini sijawahi kutoa doa bila kuliandika. Na hili lilikuwa maneno, basi nikaandika maneno."

"Kalilete."

"Sasa hivi? Mvua inanyesha."

"Clifford mpendwa," akasema Enid, na katika miaka ishirini na saba hatukuwa tumemsikia akimwita hivyo mtu yeyote, "nenda ukalilete."

Alikwenda. Ilimchukua dakika ishirini na tano. Raymond alimimina chai mara mbili, na mara zote mbili Enid akasema asante na hakuinywa. Aliishika noti kwa kingo zake, mikono yote miwili. Sisi ni watu tunaoweza kukaa karibu nusu saa na fumbo mezani na kuzungumzia bei ya maegesho.

Clifford aliporudi alikuwa amelowa hadi ndani ya viatu. Daftari lilikuwa kavu kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunikia suti. Akavaa miwani, akasimama wima kama yuko nyuma ya meza ya duka lake, akasoma.

"Tarehe tatu Mei. Noti, karatasi, moja. Uso: hakuna doa. Mgongo: wino wa buluu iliyokolea, kalamu ya nibu. Kona ya chini, chai. Sasa maneno yenyewe. 'A. Feather, 9 Alma Terrace, Keighley.' Halafu chini yake, mwandiko uleule, wino umepauka zaidi." Akasogeza daftari mbali na pua. "'Ilipotea tarehe 16 Julai, ikarudi siku hiyohiyo. Uliyeirudisha, asante. Hukuacha jina, basi naandika hapa. Kama itapita tena mkononi mwako, ujue mtoto hatukumgombeza. Ni mtoto mwema.'"

Akafunga daftari.

"Feather," akasema Raymond polepole. "Hawa Feather wa Alma Terrace..."

"Ni sisi," akasema Enid. "Mtoto ni mimi."

Akatueleza. Kopo la chai, soksi, bahasha, kitabu cha nyimbo. Alimaliza kabla birika la pili halijachemka. Kwa mambo aliyoyabeba miaka sitini na miwili, yalikuwa machache.

Nimelifikiria sana jambo hili baadaye. Arnold Feather alikuwa na asante ambayo hakujua aipeleke wapi. Akaiandika kwenye karatasi pekee aliyokuwa nayo ambayo ingeweza kufika kwa mtu yeyote, akailipia chumba cha Morecambe, akaiacha izunguke. Haikuzunguka. Kwa nini mwenye nyumba ya wageni alikubali kulipwa pauni tano na kuzitia kwenye kopo la vifungo mpaka zikapitwa na wakati, hatujui. Labda alisahau. Labda naye aliigeuza noti, akasoma.

Clifford alikuwa ameketi, maji yakimtiririka kwenye tai. "Nimemfuta baba yako," akasema. "Kwa maziwa na pamba. Alikuwapo pale, mimi nikamsugua."

"Ungeniuliza kwanza, mjinga wewe."

"Wewe ungesema! Miaka ishirini na saba, Enid! Unageuza noti kama mtu aliyepoteza ufunguo, ukiulizwa unasema 'naangalia tu'. Ningejuaje?"

"Kweli," akasema Enid. "Ningesema."

Sikuwa nimewahi kumsikia akikubali kosa. Mkono wangu ulianza kuandika hilo kwenye kumbukumbu, nikauzuia.

"Lakini sikiliza," akaendelea. "Ningeipata mwenyewe, ningeisoma peke yangu jikoni, nikaitia ndani ya albamu, na hakuna mtu angejua. Wewe umeipata, nami nisingeipata kamwe, sikuwa na sababu ya kwenda kupekua vifungo Lancaster. Ukayaandika maneno yake neno kwa neno. Na umenisomea mbele ya watu kwamba nilikuwa mtoto mwema." Akapenga kamasi kwa leso ya karatasi ya kanisa. "Nilijua nilikuwa mtoto mwema. Nilitaka tu kumsikia mtu mwingine akisema. Asante, Clifford."

Clifford akainama. Alikuwa akiitazama tai yake kwa makini ya kitaalamu.

"Sasa," akasema Enid, na sauti ya jikoni ikamrudia. "Noti hii amenipa nani?"

"Mimi."

"Na noti nyeupe anaandika nani?"

Clifford akainua macho. "Anayeitoa."

Enid akaigeuza noti, mgongo juu, akamsogezea kando ya keki. "Andika. Maneno ya baba kwanza, kama yalivyo kwenye daftari. Halafu jina lako."

"Penseli!" Raymond aliruka kutoka kitini. "Enid, nakusihi. Angalau iwe penseli!"

"Wino, Raymond."

Mwenyekiti akasema anakwenda kuangalia mvua, akatoka.

Tukatoa kalamu zetu, watu kumi na wawili, tukazipanga mbele ya Clifford. Akazijaribu moja moja kwenye leso yake nyeupe, akilowesha kila mstari na kuusugua kwa kidole. "Hii inatoka kwa maziwa," akasema, akaisukuma pembeni. "Hii kwa siki. Hii ukiipumulia tu imekwenda. Mnaandikia wosia kalamu hizi? Watoto wenu watapigana." Alizikataa zote. Kila mmoja akairudisha ya kwake mfukoni, ameaibika kidogo.

Mlango ukafunguka. Raymond akaingia, mabega yamelowa, akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti kalamu nyembamba ya chuma niliyokuwa sijawahi kuiona. Aliiweka mezani bila kumtazama mtu.

"Wino wa ramani," akasema. "Nilichorea mipaka ya mji huu mwaka 1966. Mipaka imebadilishwa mara mbili. Wino bado uko."

Clifford akachora mstari kwenye leso. Akaulowesha, akausugua, akautemea mate, akausugua tena. Akavua miwani.

"Huu," akasema, kwa heshima ya mtu aliyekutana na adui aliyemtafuta maisha yote, "hautoki."

Akaandika. Aliandika kwa mkono wa dobi, herufi kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa kaunta, na Raymond akamshikia daftari wazi ukurasa usijifunge. Jina la Arnold Feather na mtaa wake, maneno yake yote, kisha mstari, kisha C. Brearley, North Street, Keighley, na tarehe. Alipomaliza akainama kuupulizia wino.

"Usipulize," akasema Enid. "Utaitemea, halafu utaanza kusafisha tena."

Kwenye kumbukumbu za kikao kile, jambo la sita linasomeka hivi: "Zawadi ya Bi. Tordoff. Thamani ya noti ilijadiliwa. Wanachama hawakuafikiana." Ndivyo ilivyo hadi leo, maana Raymond angali anasema haina bei, na Enid anasema hayohayo.

Mvua ilikuwa haijakatika tulipotoka. Enid alikataa kuitia noti mkobani kabla wino haujakauka kabisa, akaibeba kwa mikono miwili, mgongo juu. Clifford alitembea kando yake hadi kituo cha basi akiwa ameutandaza ule mfuko wa suti juu ya noti. Juu ya noti tu. Enid mwenyewe alilowa kichwa kizima, na hakulalamika, nami nikarudi ndani nikaliongeza hilo kwenye kumbukumbu.